Taa Nyekundu ya Gari la Jirani

Nguruwe yule alikuwa jike, mweusi, sikio moja limekatika, na alikuwa na akili kuliko waliomfuga. Alijua siku za wiki. Jumapili kengele ya kanisa ikilia tu, anasukuma mlango wa banda kwa pua na kuja kwetu moja kwa moja. Hapiti kwa mtu mwingine. Anaingia kwenye matuta ya viazi vya mbegu, vile bibi alivyovichagua kimoja kimoja na kuvipanda kwa mikono yake, anafukua, anatafuna, na ibada ikikaribia kwisha anarudi kwao kama mtu aliyetoka kusali.

Bibi yangu, mama mzaa baba, alivumilia Jumapili tatu. Ya nne akajifanya anakwenda kanisani. Alivaa, akajifunga kitenge, akaaga kwa sauti ili majirani wasikie, akazunguka nyuma ya miti ya miwati, akaingia kwa mlango wa jikoni. Maji yalikuwa motoni tangu alfajiri. Nguruwe alipofika tuta la tatu, bibi akamwagia sufuria nzima mgongoni. Watu waliokuwa kanisani walisema mchungaji alinyamaza katikati ya mahubiri akidhani kuna mtu anachinjwa.

Mke wa jirani alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni. "Wewe bibi kizee, umempika nguruwe wangu mzimamzima?"

"Sijampika," bibi akasema, anasuuza sufuria. "Nimemwosha. Kwenu haoshwi."

Basi, ugomvi wa nyumba zile mbili ulianzia hapo, na mimi niliukuta ugomvi huo kama wengine wanavyokuta shamba la urithi. Nitakusimulia habari ya gari, ila ilibidi nianze na nguruwe, maana ningeanza na gari ungeniona mimi ndiye mbaya. Pengine utaniona hivyo hivyo. Sijali. Nina umri wa kutojali.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya vumbi itokayo Njombe kwenda Makambako. Sasa ni lami. Ukipita leo utaona mashamba ya parachichi, kila mtu parachichi, hata waliokuwa hawajui kupalilia viazi wanajiita wakulima. Wakati ule ilikuwa miwati tu, na moshi wa kuni za miwati, na baridi ya mwezi wa saba ambayo ilikuwa inaweka jalidi kwenye majani asubuhi, tunatembea juu yake miguu mitupu inalia kwachu, kwachu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Mwalimu aliniambia nina kichwa cha mbao. Nikamwambia mbao inajenga. Akanichapa.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno. Baba alikuwa fundi umeme wa magari. Alijifunzia kazi Makambako kwa Mhindi mmoja mwenye gereji, akarudi nyumbani mama alipofariki ili bibi asinilee peke yake. Alijenga banda la nguzo za miwati nyuma ya nyumba, na magari machache ya eneo lile yote yalipita hapo: la misheni, lori la mbao, na pikapu ya kijani ya jirani. Chuma chake cha kulehemu alikipasha kwenye moto wa bibi. Bibi alichoma viazi kwenye majivu yale yale, kwa hiyo viazi vya utoto wangu vina harufu ya risasi ya kulehemia iliyoyeyuka, na mpaka leo nikila kiazi cha kuchoma kisicho na harufu hiyo naona kama nimedanganywa.

Jirani alikuwa karani, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na pikapu aliinunua kwa mzungu wa shamba la miwati aliyekuwa anarudi kwao. Tangu siku ile hakumsalimu mtu kwa mdomo. Alisalimu kwa honi.

Siku moja bibi alikuwa barabarani amekaa juu ya jiwe, goti limevimba kama boga, anangoja gari la kumfikisha hospitali Njombe. Mimi nimesimama naye. Pikapu ikaja, ikapunguza mwendo, bibi akanyanyuka kwa fimbo. Nikamwona jirani akitoa kichwa dirishani.

"Kamwene, mama," akasalimu, mara hii kwa mdomo, kwa adabu kabisa. "Gari hili halibebi waosha nguruwe."

Akakanyaga mafuta. Tope likamfika bibi mpaka kwenye kilemba. Bibi alikaa tena juu ya jiwe, akaanza kukwangua tope kwa kucha. Usiniulize kwa nini jambo dogo kama hilo lilinikaa. Lilinikaa.

Na baba bado akamtengenezea gari. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwuliza, akasema, "Gari halijamtukana mtu." Alikuwa mtu wa maneno machache, tena aliyatoa kama anatoa misumari mdomoni.

Ila kwenye kazi alifunguka. Alinifundisha kuliko mwalimu. Nitakueleza ile taa nyekundu kama alivyonieleza yeye, maana vijana wa gereji wa siku hizi ukiwauliza wanasema "inaonyesha betri," basi, wanataka kukuuzia betri. Waongo. Hawajui, na hawana haya ya kutojua.

Magari ya zamani yalikuwa na dinamo. Mkanda wa feni unaizungusha, inatoa umeme, inajaza betri. Sasa mbele ya dereva kuna kitaa chekundu kidogo. Waya wake mmoja unatoka kwenye betri kupitia ufunguo, mwingine unakwenda kwenye dinamo. Baba alichukua mbeta mbili, vile vipande vya mianzi tunavyokingia ulanzi, pombe ya mianzi, akaviunganisha chini kwa mrija wa nyasi. Kimoja akakijaza ulanzi, kingine kitupu.

"Unaona nini kwenye mrija?"

"Ulanzi unapita, baba."

"Hiyo ndiyo taa kuwaka. Betri imejaa, dinamo imelala, ni tupu. Umeme unapita kwenye taa kwenda kwa aliye mtupu." Akamimina kwenye kile kitupu mpaka vikalingana. "Sasa?"

"Haupiti."

"Dinamo imeamka. Huku nguvu, huku nguvu, hakuna cha kupita katikati. Taa inazimika. Kwa hiyo taa hii inafanya kazi kwa kuzimika." Halafu akanywa mbeta zote mbili, somo likaisha.

Nikamwuliza, je, ukiitoa taa kabisa? Akasema dinamo haijali. Itaendelea kuchaji. Taa ni shahidi tu. Ila ukimfukuza shahidi, siku mkanda wa feni ukikatika hutaambiwa, na mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, utastukia injini inachemka kama chungu. Kila mwenye gari baba alimwambia maneno yale yale wakati wa kumkabidhi ufunguo: "Ukifungua ufunguo, lazima iwake. Injini ikinguruma, lazima izimike. Ukiona kinyume, usitoke." Nilikuwa nayajua kama Baba Yetu.

Nilijua pia kuitoa. Unapenyeza mkono nyuma ya dashibodi, unashika kishikio, unakisokota kidogo, kinatoka na balbu yake, ndogo kama punje ya hindi. Mkono wangu ulikuwa mwembamba kuliko wa baba, kwa hiyo kazi hiyo alinipa mimi. Kijiji kizima waliojua kuitoa tulikuwa wawili.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, nilipelekwa Igwachanya kwa shangazi kusaidia kupukuchua mahindi, nikakaa wiki nyingi. Huku nyuma dinamo ya jirani ikafa kabisa. Baba akaenda naye Makambako, wakapata alteneta, kitu kipya wakati ule, akaifunga badala ya dinamo. Nilirudi sikuambiwa, na sikuona. Taa nyekundu ilikuwa pale pale, rangi ile ile.

Kumbuka hapo. Sikujua.

Binti wa jirani alikuwa anaolewa Makambako, Jumamosi. Ijumaa pikapu ililetwa kwa baba aikague. Alikaza mkanda wa feni, akasafisha vichwa vya betri, akaangalia taa zote, kisha akaenda mtoni kunawa mikono kwa majani na mchanga kama kawaida yake. Mimi nikabaki na gari.

Nitasema kweli. Sikuwa nacheza. Sikutamani balbu iwe yangu. Nilitaka mkanda wake ukatike siku moja asijue, maji yamchemkie kama yalivyomchemkia nguruwe wake, na akae juu ya jiwe kando ya barabara angoje mtu wa kumbeba. Nikapenyeza mkono, nikasokota, nikaitoa. Nikaishona kwenye pindo la gauni langu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ilikuwa kazi safi.

Asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa mzito, na mvua ile ya kwetu isiyonyesha wala kuacha. Mimi na bibi tulikuwa uani kwetu, tunaona yote ya kwa jirani. Jirani alipanda na suti yake, bibi harusi katikati, mkewe pembeni, nyuma wamejaa mashangazi na maturubai. Akafungua ufunguo. Akainama kutazama dashibodi, akacheka.

"Mnaona? Hata ile taa ya fundi leo imenyamaza. Gari limefurahi!"

Mkewe akapiga vigelegele huku anatutazama sisi.

Baba alikuwa ndani anakunywa uji. Angekuwa nje akasikia maneno yale, angekimbilia gari na bakuli mkononi. Hakusikia. Wakaondoka.

Walivyoenda, tulisimuliwa mpaka tukachoka. Aliendesha kama amebeba mayai, kwa ajili ya gauni. Taa kubwa zinawaka kwa sababu ya ukungu, vifuta kioo vinafanya kazi, na honi, unajua harusi, honi kila kijiji kuanzia kwetu. Vyote hivyo vinakula betri, na hakuna anayeirudishia. Vifuta kioo vikaanza kuchoka. Taa zikawa za njano, zikawa kama macho ya mgonjwa. Honi ikawa inakohoa. Makambako ikiwa karibu kabisa, kwenye mlima, gari likazimika, na lilipozimika halikusema tena.

Bibi harusi aliingia Makambako juu ya tela la trekta lililokuwa limebeba samadi. Upande wa bwana harusi walikuwa wamesimama nje ya kanisa kwa muda wa saa tatu. Mjomba mmoja akasema kwa sauti, "Tuliomba mke, wametuletea mbolea!" Kanisa zima likacheka. Ndoa ilifungwa, naam, lakini hakuna aliyekumbuka ndoa.

Jumatatu wakaja. Pikapu ilivutwa na ng'ombe wa plau, wanne, ikawekwa uani kwetu mbele ya banda. Jirani, mkewe, wazee wawili wa kanisa, na wanaume wa kijiji ambao hawakuwa na kazi siku hiyo, yaani wote. Hakuna aliyepiga hodi.

"Leo utasema mbele ya wazee," jirani akaanza. "Umelipiza kisasi cha goti la mama yako kwa gauni la binti yangu."

"Gari nililikagua," baba akasema. "Lilikuwa zima."

"Zima! Muulize mwenye trekta!"

"Taa iliwaka ulipofungua ufunguo?"

"Haikuwaka kabisa! Njia nzima haikuwaka! Wewe si ulisema ikiwaka ni hatari? Haikuwaka. Sasa hatari ilitoka wapi?"

Baba akaleta betri nyingine, akaifunga, akafungua ufunguo. Dashibodi nyeusi. Mkono wake haukupenya vizuri, alijipinda, akaugeuza. Aliutoa polepole. Kishikio kilikuwa kinaning'inia kwenye waya, kitupu.

Mimi nilikuwa kizingitini na bibi, tunamenya viazi. Sikunyanyua kichwa. Lakini mtu akikutazama unajua. Nilijua alinitazama, na nilijua alipoacha kunitazama.

Mzee wa kanisa akauliza, "Fundi, kwani hiyo taa ina maana gani? Si kitaa tu?"

Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza. "Gari hili nimelifunga alteneta," baba akasema. "Alteneta si kama dinamo. Dinamo inaamka yenyewe. Alteneta haiamki mpaka ipate umeme kidogo wa betri wa kuianzishia, na umeme huo unapita kwenye taa hii. Hiyo ndiyo njia yake. Ukitoa taa, umeziba njia. Itazunguka siku nzima, haitatoa kitu. Labda ukikanyaga mafuta sana inaweza kuamka kwa bahati."

Kisu changu kikasimama katikati ya kiazi. Kumbe sikumfukuza shahidi. Nilikuwa nimekata mshipa.

"Basi nani ameitoa?" mzee akauliza. "Hapa kijijini nani mwingine anajua kuitoa?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lilikuwa linamenya viazi hatua tano kutoka pale. Ninge... hapana, sitasema ningefanya nini. Nilimenya. Kiazi kikawa kidogo kama jicho, nikaendelea kumenya.

"Ni mimi," baba akasema. "Niliitoa kupima waya. Nikasahau kuirudisha."

"Ulisahau," mke wa jirani akasema, "au ulikumbuka nguruwe?"

Wakacheka. Wote, wazee pamoja. Na kicheko kile ndicho kilichohukumu, si wazee. Fundi aliyesahau unaweza kumsamehe, lakini fundi wa kuchekwa nani atampa gari lake? Mzee wa kwanza alisema watu wa kanisa wasilete tena kitu kwenye banda lile. Kabla hajamaliza, mtu mmoja aliingia bandani akatoka na redio yake. Mwingine akachukua dinamo ya baiskeli. Mwenye lori la mbao akabeba betri yake begani, asidi ikamdondokea shati, hata hakujali, alivyokuwa na haraka ya kutuacha. Watu hao baba aliwatengenezea kwa mikopo isiyo na mwisho. Nawakumbuka mmoja mmoja, mavazi na sura. Wengi wamekufa. Sikwenda msibani kwa hata mmoja.

Jirani alisema atalifuata gari kesho, likiwa zima, au atakuja na polisi.

Usiku ule hakuna aliyekula viazi nilivyomenya. Bibi alijua, nadhani. Alipanga kuni bila kunitazama, akasema tu msemo wake, kwamba mtoto humponza anayemfunika. Nilingoja fimbo. Niliingoja kama mtu anavyongoja dawa. Haikuja.

Siku hizi nikipita pale, banda halipo, miwati haipo, jirani hayupo, na nguruwe wa kijiji kizima wamefungiwa kwenye mabanda ya saruji. Gari la mjukuu wangu halina hata taa ya kueleweka, lina maandishi yanayojisomea yenyewe, na likiharibika kijana anakuja na kompyuta, anabonyeza, anakuna kichwa. Hakuna anayemimina ulanzi. Watu wananiambia, bibi, nyakati nzuri zile. Nyakati gani nzuri? Walikuwa wabaya vile vile, tena kwa uso mkavu. Ninachokitamani si nyakati. Ni mtu mmoja, na harufu ya risasi motoni.

Asubuhi ya Jumanne ile nilifumua pindo la gauni. Baba alikuwa kwenye pikapu, mlango uko wazi, amekaa tu. Nikanyoosha kiganja, balbu iko katikati. Aliitazama, akasogea akanipisha.

"Weka," akasema.

Nikapenyeza mkono, nikasokota, ikakaa.

"Fungua ufunguo."

Nikafungua. Taa ikawaka, nyekundu.

"Washa."

Injini ikanguruma. Taa ikazimika. Baba akainamisha kichwa akasikiliza, kama alivyosikiliza kila gari kabla ya kulikabidhi, kisha akazima. Ufunguo akauweka juu ya boneti, mahali ambapo jirani angeuona. Akaingia bandani, akatoka na koti lake peke yake, vyombo vyote akaviacha vimepangwa ukutani. Nikadhani anakwenda dukani kununua sigara. Alipofika barabarani hakugeukia dukani. Akashika njia ya Makambako kwa miguu, katikati ya barabara, hana haraka, mpaka ukungu ukamchukua, na hakurudi tena.